Kujifunza injeksheni ya plastiki: anzia kwenye mizani

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Pasua, Moshi. Nilisoma VETA fani ya umekanika, sasa ni opareta kwenye kiwanda kidogo hapa Arusha, maeneo ya Unga Limited. Tunatoa mifuniko ya makopo kwa plastiki ya PP (polipropilini), mashine ni ya injeksheni, ile inayosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi, ya tani 160. Nataka nipande niwe fundi wa kuseti, lakini fundi wetu hafundishi, anabonyeza tu. Kila asubuhi mifuniko ya kwanza inatoka haijajaa, yeye anapandisha joto. Ikifika mchana inatoa flashi, yaani plastiki nyembamba inayovuja pembeni, anashusha. Nikimuuliza sababu anasema ni uzoefu. Nikisoma mwenyewe naona majina mengi, sijui nishike lipi. Nianzie wapi?"

Marahaba, binti yangu. Umeshaanza bila kujua. Ukiweza kuona kwamba kosa la asubuhi si kosa la mchana, na ukakataa kuridhika na neno "uzoefu", una kitu ambacho siwezi kumpa mtu darasani. Nitalitumia tatizo lenu hilo hilo kukufundisha, maana misingi yote imo ndani yake.

Kwanza yaache majina. Leo ukifika nyumbani chukua beseni, ligeuze. Katikati ya kitako utaona kichunusi kama kitovu. Hapo ndipo plastiki iliingilia, tunapaita geti. Angalia tena, kuna viduara vidogo vya bapa: hizo ni nyayo za pini zilizolisukuma beseni litoke. Kisha pitisha ukucha kwenye ukingo. Utahisi mstari mwembamba unaozunguka, na hapo ndipo nusu mbili za kalibu, au moldi kama sote tunavyoiita, zilipokutana. Geti, pini, mstari. Ndoo, kiti na kikombe cha plastiki, vyote vinabeba alama hizo. Dumu la mafuta halina kitovu, lina mshono kitakoni, kwa sababu lilipulizwa kwa hewa ndani ya moldi. Tangi la maji la juu ya paa liliokwa kwenye moldi inayozungushwa. Hiyo ni kazi nyingine na mashine nyingine. Zoea kusoma vitu namna hii kila unapovishika, sokoni hata jikoni, na baada ya mwezi utaanza kuona makosa ya viwanda vya wenzetu.

Sasa ifuate punje ya plastiki. Inaanguka kutoka kwenye hopa, lile faneli la juu, inaingia kwenye bareli, bomba nene la chuma lenye hita, na ndani ya bareli kuna skrubu kama ya mashine ya kusagia nyama. Skrubu inazunguka, inasukuma punje mbele, na kadiri plastiki iliyoyeyuka inavyojikusanya mbele yake, yenyewe inarudi nyuma taratibu. Ikifika kwenye kipimo ulichoseti inasimama. Halafu inasukumwa mbele yote kwa pamoja, kama mchi wa bomba la sindano, na plastiki inaingia kwenye moldi. Mashine ya kwanza ya aina hii, waliyoipatia hataza ndugu wawili wa Marekani, John Wesley Hyatt na Isaiah, mwaka 1872, haikuwa na skrubu. Ilikuwa na pistoni tu iliyosukuma seluloidi, plastiki ya zamani, iliyopashwa moto. Skrubu ililetwa na James Watson Hendry mwaka 1946.

Nimekutajia historia hiyo kwa sababu moja. Hendry hakuweka skrubu kwa ajili ya kusukuma tu. Skrubu inasugua. Mashine ikiwa kazini, sehemu kubwa ya joto linaloyeyusha plastiki hutokana na msuguano huo, na hita zinasaidia. Kwa hiyo namba 220 unayoiona kwenye paneli ni joto la chuma cha bareli, pale kipimajoto kilipochomekwa. Joto la plastiki yenyewe linaweza kuwa juu ya hapo au chini, kutegemea mwendo wa skrubu na shinikizo la nyuma, yaani ukinzani inaousukuma skrubu ikirudi nyuma wakati inajaza. Fundi wako anapopandisha namba ya hita anadhani ameshika plastiki, kumbe ameshika ganda la nje.

Plastiki haina habari na paneli. Inajua mambo manne tu: ina joto kiasi gani, inakimbia kwa kasi gani, inabanwa kwa shinikizo gani, na inapoa vipi. Kila kitufe unachobonyeza kinagusa moja ya hayo manne, mara nyingi mawili kwa mpigo. Kabla ya kugusa chochote jiulize: nataka kubadili lipi? Kama huna jibu, ondoa kidole.

Ndani ya moldi kazi inafanyika kwa awamu, na hapa ndipo nataka ukae sana. Awamu ya kwanza ni kujaza. Plastiki inaingia kwa kasi, kwa sababu moldi ni ya baridi na inaanza kuigandisha tangu inapogusa chuma. Awamu hii inatakiwa ijaze karibu kila kitu, asilimia 95 hadi 98, si zaidi. Baada ya hapo mashine inabadilika: inaacha kukimbiza na inaanza kushikilia, yaani inabana kwa shinikizo dogo zaidi huku ikiongeza plastiki kidogo kidogo. Kwa nini iongeze? Kwa sababu plastiki ikipoa inasinyaa. PP husinyaa asilimia 1 hadi 2.5. Chukua asilimia 1.5 kwenye mfuniko wa milimita 200: ni milimita 3 nzima. Ndiyo maana moldi huchongwa kubwa kuliko kitu chenyewe, na ndiyo maana mfuniko ulioupima ukiwa wa moto unaweza kukataa kukaa kwenye kopo kesho yake. PP huendelea kusinyaa kwa saa kadhaa baada ya kutoka. Pima leo, kisha pima tena baada ya saa 24, uandike zote mbili.

Kushikilia kunafanya kazi mpaka geti ligande. Geti likishaganda mlango umefungwa, hata ukishikilia nusu saa hakuna kinachoingia, unapoteza umeme na muda. Ukiachia kabla halijaganda, plastiki inarudi nyuma, mfuniko unabaki na vibonyeo na uzito unacheza. Sasa utajuaje geti linaganda lini? Unapima uzito. Hili ndilo jaribio la kwanza ninalompa kila mwanafunzi, na ningependa ulifanye kwa mikono yako, ukishamwomba msimamizi ruhusa.

Acha mashine itulie. Weka muda wa kushikilia sekunde 1, toa mifuniko mitano, ipime, andika wastani. Weka sekunde 2, fanya hivyo hivyo, halafu 3, 4, 5 na 6. Kila unapoongeza sekunde moja ya kushikilia, punguza sekunde moja ya kupoza, ili mzunguko mzima ubaki na urefu ule ule na moldi isibadilike joto. Tuseme unapata gramu 38.2, kisha 38.9, 39.3, 39.5, 39.5, 39.5. Umeona uzito ulivyopanda ukagota? Sekunde ya 4 geti limeganda. Weka 4.5 au 5, mjadala umeisha. Hakuna mtu kiwandani atakayekubishia, maana hukukisia.

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili nilikuwa nimeshaendesha mashine miaka mitatu, na tulikuwa tunashikilia sekunde 9 pasipo sababu. Sekunde 4 za bure kila mzunguko, usiku na mchana, miaka mitatu. Bado linaniuma.

Mizani utaipata hapo hapo Arusha. Hizi ndogo za kidijitali wanazotumia wauza madini zinafaa kabisa, ilimradi isome desimali mbili za gramu na ibebe uzito wa mfuniko wenu. Usitumie ya dukani ya kupimia sukari, haitaona tofauti unayoitafuta.

Kitu cha pili cha kusoma ni akiba, ambayo kwenye paneli nyingi huitwa kusheni. Ni plastiki inayobaki mbele ya skrubu baada ya kusukuma kote kuisha, kwa mashine ya ukubwa wenu kawaida milimita 3 hadi 6. Bila akiba hakuna cha kubana nacho. Namba hii inaongea kuliko fundi yeyote. Mfuniko haujajaa na akiba imefika sifuri? Basi plastiki haitoshi: kipimo cha kujaza ni kidogo, au hopa imekwama. Mfuniko haujajaa na akiba ni kubwa? Plastiki ipo ila imezuiwa njiani: nozeli, yaani mdomo wa bareli, imeziba, chuma ni baridi, kasi ni ndogo, au hewa haina pa kutokea. Na akiba ikicheza, mara 5, mara 2, mara 4, shuku ringi ya vali kwenye ncha ya skrubu, ile inayozuia plastiki kurudi nyuma. Imelika, plastiki inarudi nyuma wakati wa kusukuma. Hapo hata upandishe joto mpaka plastiki iungue, tatizo litakuwa pale pale.

Turudi kwenye asubuhi yenu. Juni na Julai hapa Arusha unakijua kibaridi cha saa kumi na mbili. Moldi imelala usiku kucha, chuma ni cha baridi. Mafuta ya haidroliki nayo ni mazito, kwa hiyo kasi unayoiona kwenye paneli siyo kasi inayofika kwa skrubu. Maji ya kupoza yanatoka tangini yakiwa baridi vilevile. Plastiki inaingia, inaganda kwenye ukingo mwembamba kabla haijafika mwisho. Mfuniko unatoka pungufu. Fundi anapandisha hita. Lakini kosa halikuwa kwenye bareli! Hita inachukua muda wake, na wakati huo huo moldi inapata moto yenyewe, mafuta yanalainika, maji ya tangini yanapigwa jua. Ikifika saa saba mchana vitu vyote vitatu vimepata moto, na juu yake kuna joto la ziada aliloweka fundi. Plastiki inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, inapenya kwenye mstari wa moldi. Hiyo ndiyo flashi yenu. Anashusha, na kesho asubuhi anaanza tena.

Ningekuwa hapo ningefanya hivi. Mafuta yazungushwe kwanza mpaka yafike nyuzi 40 hivi, kabla ya kutoa hata mfuniko mmoja. Maji ya moldi yafunguliwe kidogo tu mwanzoni, yaongezwe moldi ikishapata moto. Mifuniko 20 au 30 ya kwanza iende kwenye krasha, mashine ya kusagia plastiki, bila mtu kugusa paneli, hata kama inatia huruma kuiona. Kisha pima joto la uso wa moldi kwa kipimajoto cha kugusa, mashine ikiwa imezimwa na mlango uko wazi, saa tatu asubuhi na saa tisa mchana. PP inakubali moldi ya nyuzi 20 hadi 60. Ninachokitafuta mimi ni namba ile ile asubuhi na mchana. Ikitofautiana sana, dawa iko kwenye maji.

Kama flashi itabaki hata baada ya hapo, angalia nguvu ya kubana, yaani tani ambazo mashine inatumia kuzifunga nusu mbili za moldi, kabla ya kulaumu joto. Hesabu yake ni ya darasa la saba. Mfuniko wa kipenyo cha sentimeta 20 una eneo la 3.14 mara 10 mara 10, yaani sentimeta za mraba 314. PP kwa kawaida hutaka kati ya tani 0.3 na 0.5 kwa kila sentimeta ya mraba. Ukuta ukiwa mwembamba sana hutaka zaidi. Chukua 0.4: unapata tani 125 na ushee. Mashine ya 160 inatosha. Lakini bosi akileta moldi ya mfuniko wa ndoo wa sentimeta 30, eneo ni 707, na tani 280 hamna. Mwambie mapema, kwa hesabu hiyo hiyo kwenye karatasi. Ila kama tani zinatosha na flashi ipo, futa kwanza uso wa moldi kwa kitambaa na uangalie kwa tochi. Kipande cha plastiki chembamba kama ukucha kikibaki kwenye mstari kinaachanisha nusu mbili, na ukiongeza tani juu yake unakigandamiza kwenye chuma. Moldi ikishapata donda hapo, flashi ni ya kudumu mpaka ikachongwe upya.

Kuhusu unene nitapita haraka, kwa kuwa moldi mmeshaikuta. Muda wa kupoa hupanda kwa mraba wa unene. Ukuta wa milimita 4 unapoa kwa muda mara nne ya wa milimita 2, na kupoza ndiko mara nyingi kunakula zaidi ya nusu ya mzunguko. Bonge la ugali na tonge, unajua lipi linaunguza mdomo. Ukiona kibonyeo kwenye mfuniko, ugeuze: nyuma yake karibu kila mara kuna ubavu au kishikio kinene.

Malighafi ni somo lenye utajiri wake. Mnatumia PP, mna bahati, haiongei sana na maji. Plastiki nyingine, ABS, nailoni, polikaboneti na PET, zote hunywa unyevu wa hewani, na zikiingia bareli zikiwa na maji, maji yanageuka mvuke na kuchora michirizi ya rangi ya fedha juu ya kitu. Zamani, kwenye kiwanda kimoja Moshi, tulikuwa tunatoa vishikio vya ABS wakati wa masika. Michirizi ilianza usiku. Tukabadilisha kasi, tukabadilisha joto, tukasafisha nozeli, tukamlaumu aliyetuuzia malighafi. Zamu mbili zilikwenda krasha. Asubuhi mama aliyekuwa akifagia ndiye aliyetuuliza kwa nini mifuko imeachwa wazi kwenye sakafu ya saruji iliyolowa. ABS hukaushwa nyuzi 80 kwa saa 2 hadi 4, na sisi tulikuwa tumeimimina kama mchele. Tangu siku hiyo nafunga mdomo wa mfuko kwa mkono wangu. Plastiki iliyosagwa nayo ifunikwe, ichujwe vumbi, na kiwango cha kuchanganya kisibadilishwe kwa kukadiria na ndoo: kila ikiyeyuka upya inazidi kuchoka.

Sasa usalama, na hapa sibembelezi. Mlango wa usalama una swichi. Ukikuta imefungwa waya ili mashine ikubali mlango ukiwa wazi, usiiendeshe, hata wakikutisha kazi. Tani 160 hazirudi nyuma zikikuta mkono. Wakati wa kusafisha bareli simama pembeni ya nozeli, vaa miwani na glavu, na usichungulie hopa kamwe: plastiki iliyokaa na moto muda mrefu hutoa gesi, na nozeli ikiwa imeganda gesi hutokea juu. Umeme ukikatika, ukirudi usikimbilie kuzungusha skrubu. Joto la bareli likishafika, subiri dakika 15 hadi 20 zaidi ili moto uingie mpaka katikati, la sivyo unaweza kuvunja ncha ya skrubu. Plastiki za PVC na asetali zisikutane kwenye bareli moja, hata mabaki, maana zinaharibiana kwa nguvu na kutoa gesi ya sumu. Plastiki ya moto ikikushika kwenye ngozi, weka maji ya baridi yanayotiririka dakika 20 na uende hospitali nayo ikiwa bado imeganda hapo hapo. Usiibandue. Inatoka na ngozi.

Umegusia pia kusoma. Umekanika wako ni mtaji mkubwa kuliko unavyodhani, kwa kuwa nusu ya kazi hii ni moldi, na moldi ni chuma, vipimo na mikono inayojua faili. Chuo cha Ufundi Arusha kina uhandisi mitambo, na TEMDO, taasisi ya serikali ya usanifu wa mitambo, iko hapa hapa Arusha. Nenda uulize, omba hata kuangalia karakana. Ila usisubiri chuo ndipo uanze. Nunua daftari gumu. Kila zamu andika tarehe, saa, joto la mafuta, joto la moldi, akiba, uzito wa mifuniko mitano, na kitu chochote kilichobadilishwa pamoja na aliyekibadilisha. Badiliko moja kwa wakati mmoja, kisha mizunguko kumi kabla hujahukumu. Na fundi wako usimshinde mbele za watu. Mwonyeshe namba mkiwa wawili, mwambie "kaka, nimeona hivi, wewe unaonaje?" Wengi wao hawajanyimwa akili, hawakupata wa kuwafundisha.

Jumatatu pima mifuniko kumi saa moja asubuhi na kumi saa nane mchana, usome na akiba nyakati hizo hizo mbili. Nitumie namba hizo ishirini pamoja na akiba, na aina ya PP iliyoandikwa kwenye mfuko. Nikiziona nitakuambia kama ringi ya vali yenu bado ni nzima.